Kahawa Kabla ya Mbio: Cha Kikombeni na Cha Kichwani

Mwaka 2006 mtafiti Christopher Beedie na wenzake wa Uingereza waliwaita waendesha baiskeli sita waliozoea mashindano, wakawapa kazi ya kukimbiza baiskeli kilomita 10 kwa nguvu zao zote. Kazi hiyo ilirudiwa kwa siku tofauti. Siku moja, waliambiwa, mtameza vidonge visivyo na kitu. Siku nyingine kafeini ya wastani, miligramu 4.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Siku nyingine kafeini nyingi, miligramu 9 kwa kilo. Walipodhani hawakupewa kitu, nguvu waliyoitoa kwenye pedali ilishuka asilimia 1.4 chini ya kawaida yao. Walipodhani wamepewa ya wastani, ikapanda asilimia 1.3. Walipodhani wamepewa nyingi, ikapanda asilimia 3.1. Matokeo yakapangika vizuri kabisa, dawa ikizidi na nguvu inazidi. Ila hakuna siku hata moja waliyopewa kafeini. Vidonge vyote vilikuwa vitupu.

Kidonge kitupu cha namna hiyo watafiti hukiita plasebo: hakina dawa ndani, lakini anayekimeza anadhani kinayo, na mwili wake unaitikia ile dhana.

Kama wewe ni mtu wa mchakamchaka wa alfajiri, mchezaji wa ndondo, mwendesha baiskeli wa mwisho wa wiki, au unajiandaa na kilomita 21 za Moshi, habari hii inakuhusu. Huenda tayari una kawaida yako: finjani mbili za kahawa chungu kijiweni, kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, au Panadol Extra mbili za kufungua mwili. Mwongozo huu haukunyang'anyi kikombe. Unataka ujue kikombe kinakupa nini na imani inakupa nini, na ulijue jambo hilo kwa miguu yako mwenyewe badala ya kuambiwa na mwenzako wa kikundi au tangazo la barabarani.

Kafeini inafanya kazi

Usije ukaruka kutoka kwenye jaribio lile ukasema kahawa ni maneno matupu. Kadiri unavyokaa macho na kujituma, ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini, ambayo hushika kwenye vipokezi vyake na kukuletea uzito wa uchovu na usingizi. Kafeini ina umbo linalofanana nayo kiasi cha kuingia kwenye vipokezi vilevile bila kuviamsha. Adenosini inapofika ni kama abiria wa daladala aliyekuta kiti kimekaliwa. Uchovu upo, ila taarifa yake inachelewa kufika. Kwa hiyo mkimbiaji aliyekunywa kahawa hapati mapafu mapya; anaikimbia kasi ileile huku akiiona nyepesi kidogo, basi anathubutu kuongeza.

Mwaka 1978 huko Marekani, David Costill na wenzake waliwapa waendesha baiskeli tisa kahawa yenye miligramu 330 za kafeini, na siku nyingine kahawa iliyotolewa kafeini. Kwa wastani walidumu dakika 90 kabla ya kuishiwa nguvu walipokuwa na kafeini, na dakika 75 na nusu walipokuwa hawana. Utafiti huo ndio uliowafungua wengi macho. Lakini kumbuka kwamba pale walikuwa wanaendesha mpaka wachoke, na hakuna mashindano ya kweli yanayokwenda hivyo. Ukiweka umbali maalumu na kumtaka mtu amalize mapema awezavyo, faida inayoonekana mara nyingi ni ya asilimia 2 hadi 4.

Usiidharau asilimia. Mwezi Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Tanzania alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa saa 2:09:48, muda uleule aliopewa Mjerumani Amanal Petros aliyekuwa wa pili; walitenganishwa na sekunde 0.03. Asilimia moja ya muda huo ni sekunde 78. Kwa mtu wa ngazi ile, asilimia moja ni umbali kati ya kuvishwa medali na kutojulikana kabisa kama ulikuwepo. Kwako wewe unayemaliza nusu marathoni kwa saa mbili na robo, asilimia mbili ni dakika mbili na kitu, na dakika hizo unaweza kuzipata kwa kulala mapema wiki nzima.

Imani nayo inafanya kazi, kwa njia yake

Mwaka 2008 kundi lilelile la kina Beedie lilitaka kuzitenganisha hizi nguvu mbili. Liliwachukua waendesha baiskeli 14 kwa kilomita 40 na kuwapitisha katika hali nne: kuambiwa umepewa kafeini na kweli umepewa, kuambiwa umepewa na hukupewa, kuambiwa hukupewa kumbe umepewa, kuambiwa hukupewa na kweli hukupewa. Kafeini yenyewe iliongeza nguvu kwa asilimia 3.5. Imani peke yake iliongeza asilimia 0.7, kiasi kidogo cha kutiliwa shaka. Ukiishia hapo utasema mambo yameisha, kahawa imeshinda.

Tazama tena hali ya nne. Wale walioambiwa ukweli kwamba leo hamna kitu walishuka asilimia 1.9 chini ya kawaida yao. Hakuna aliyewanyima chochote walichokuwa nacho jana. Walinyimwa matumaini tu. Na viwili hivi havijumlishwi moja kwa moja: imani ilisaidia zaidi pale ambapo kafeini haikuwepo, na kafeini ilisaidia zaidi pale ambapo mtu aliamini hana.

Hii, kwa maoni yangu, ndiyo sehemu inayomfaa mwanamichezo wa kawaida kuliko zote. Tunazoea kuuliza kahawa inaongeza kiasi gani. Tunasahau kuuliza ukosefu wa kahawa unapunguza kiasi gani kwa mtu aliyejiaminisha kwamba bila hiyo hawezi. Mwenye muuza kahawa wake chini ya mwembe, akafika siku ya mashindano kwenye mji wa watu asimwone muuza kahawa wala mwembe, anaanza mbio akiwa ameshajikata asilimia yake mwenyewe.

Imani hujengwaje? Kwa maneno kidogo, kwa uzoefu zaidi. Watafiti wa Turin, Italia, walilionyesha hilo mwaka 2008 kwa zoezi la kunyanyua uzito kwa miguu. Watu waliopewa kinywaji kitupu wakaambiwa kina kafeini nyingi walifanya kazi zaidi kwa karibu asilimia 12. Kisha kundi jingine likafanyiwa ujanja: walipokunywa, uzito ukapunguzwa kwa siri, wakajionea wenyewe jinsi kinywaji kile kilivyo na nguvu. Uzito uliporudishwa ulivyokuwa, waliongeza kazi kwa asilimia 22 na wakajisikia hawajachoka sana. Fikiria sasa siku ile uliyokunywa kinywaji fulani kwa mara ya kwanza, hewa ikiwa ya baridi, umelala vizuri, ukakimbia vizuri kuliko siku zote. Hakuna aliyekufanyia ujanja, lakini umefunzwa vilevile.

Na kadiri kitu kinavyoonekana kizito ndivyo imani inavyokua. Mwaka 2015 watafiti wa Glasgow waliwaambia wakimbiaji 15 wa klabu kwamba wanajidunga dawa inayofanya kazi kama EPO, ile homoni ya kuongeza chembe nyekundu za damu ambayo ni marufuku michezoni. Sindano zilikuwa na maji ya chumvi. Kwenye kilomita 3 walikimbia kwa kasi zaidi kwa asilimia 1.2. Nitarudi kwenye sindano nikifika kwa makocha.

Kiasi gani, saa ngapi

Kipimo kinachotumika sana ni miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya uzito. Anza na 3, au hata 2. Mwenye kilo 60 atahitaji miligramu 180 kwa kipimo cha 3. Mwenye kilo 70, 210. Kupanda hadi 9 hakukuongezei kasi ya maana, kunakuongezea mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio na tumbo kuvurugika. Kwa maisha ya kila siku, mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku, wala 200 kwa mkupuo mmoja. Mjamzito asizidishe 200 kwa siku nzima. Utaona kwamba kipimo cha 3 tayari kinamfikisha mwenye kilo 70 kwenye mpaka wa mkupuo mmoja. Hiyo ni sababu ya kutosha ya kuanzia chini.

Sasa hesabu vikombe. Kijiko kimoja cha chai cha kahawa ya kopo, ile inayoyeyuka kwenye maji moto, kina takriban miligramu 60. Kikombe cha chai ya rangi kina 40 hivi. Kopo la Red Bull la mililita 250 lina 80. Soda ya kola ya mililita 330 ina thelathini na kitu. Kidonge kimoja cha Panadol Extra kina 65, jambo ambalo wengi wanaomeza viwili kabla ya mbio hawalijui. Ukimeza hivyo viwili na kunywa kopo moja umeshavuka 200 kabla hujagusa kahawa.

Finjani ya kijiweni, hiyo sahau kuipimia. Muuza kahawa hupima kwa jicho, dele huchemka tangu asubuhi mpaka usiku, na finjani ya mwisho haifanani na ya kwanza. Si wa kwetu peke yao. Mwaka 2003 watafiti wa Florida walinunua kahawa ya aina ileile, kikombe cha ukubwa uleule, duka lilelile, siku sita mfululizo; kafeini ilicheza kati ya miligramu 259 na 564. Ongeza na mbegu: robusta ya Kagera na Uganda ina kafeini karibu maradufu ya arabika ya Kilimanjaro. Wahaya wanaotafuna kahawa na kuwakaribisha wageni kwayo hawajawahi kuhitaji miligramu, na kwa mazungumzo ya sebuleni hazihitajiki. Kwa mashindano, tumia kitu chenye kipimo kilichoandikwa kwenye lebo.

Kunywa saa moja kabla. Mbio zikianza saa 12 na nusu asubuhi, kunywa saa 11 na nusu, na upange safari ya chooni katikati, maana kahawa huharakisha haja. Usijaribu kipimo kipya siku ya mashindano. Na ukifanya mazoezi jioni, jua kwamba nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa takriban saa tano, na kwa baadhi ya watu zaidi. Wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango huchelewa sana kuiondoa. Uliyokunywa saa 10 jioni, nusu yake iko nawe saa 3 usiku. Usingizi ulioibiwa hivyo hakuna kikombe cha kesho kinachoweza kuulipa.

Kitu kimoja usikiguse: unga mtupu wa kafeini unaouzwa mitandaoni. Mwezi Machi 2015, Chuo Kikuu cha Northumbria, Uingereza, kilifanya zoezi la kupima athari ya kafeini kwa wanafunzi waliojitolea. Kila mmoja alitakiwa kupewa gramu 0.3. Hesabu ilifanywa kwenye simu, nukta ikakaa pasipo pake, wanafunzi wawili wakanyweshwa gramu 30, mara mia ya kipimo. Wote wawili walilazwa mahututi, wakapona. Mwaka 2017 mahakama ilikitoza chuo hicho faini ya pauni 400,000. Hao walikuwa na maabara na mizani. Wewe una kijiko.

Jaribio la bahasha

Hapa ndipo kazi ilipo, kaa nami taratibu.

Unahitaji mwenzako mmoja anayeweza kutunza siri, chupa moja ya chai, sarafu, daftari, bahasha na aina mbili za kahawa ya kopo: ya kawaida na iliyotolewa kafeini. Hii ya pili huuzwa kwenye supamaketi kubwa za mijini. Hubaki na miligramu chache kwa kikombe, haitaharibu kitu. Ladha zake zinatofautiana kidogo, kwa hiyo mwenzako aichemshe na tangawizi kali na sukari ya kutosha, halafu inywe ikiwa vuguvugu, kwa haraka, usikae kuionja. Tangawizi imeficha kahawa mbaya nyingi katika miji yetu ya pwani. Hapa itaficha siri.

Panga wiki nne. Kila wiki utakimbia mara mbili, tuseme Jumanne na Ijumaa alfajiri, kilomita 5, njia ileile ya tambarare, viatu vilevile, chakula kilekile cha usiku. Siku moja ya wiki utakunywa kahawa kamili, nyingine isiyo na kafeini. Ipi itangulie, ataamua mwenzako kwa kurusha sarafu akiwa peke yake nyumbani. Ataandika kwenye karatasi, ataitia ndani ya bahasha ya wiki hiyo, ataifunga. Asikwambie, asikonyeze, na ni bora asiwepo kabisa unapokunywa na kukimbia. Akuachie chupa mlangoni aondoke. Uso wa mtu anayejua jibu huvujisha, hata kama mdomo umefungwa.

Ukishakunywa, kabla ya kutoka, andika daftarini unadhani ni ipi. Kabla, nasisitiza. Ukiandika baada ya kukimbia, siku uliyokwenda vizuri utasema ilikuwa na kafeini na siku mbaya utasema haikuwa nayo, na kisio lako halitakuwa na maana tena. Kimbia kwa bidii ya mashindano, usitazame saa njiani. Ukimaliza andika muda, halafu jipe alama ya ugumu kutoka 1 hadi 10.

Kuna mtego. Kama wewe ni mtu wa vikombe vinne kwa siku, ukinyimwa ghafla utaumwa kichwa na kuzubaa ndani ya siku moja, na mbio yako isiyo na kafeini itakuwa mbio ya mgonjwa. Hapo kahawa itaonekana imekusaidia sana kumbe imekutoa tu kwenye shimo ililokuchimbia. Punguza polepole kwa muda wa wiki nzima kabla ya kuanza, ubaki na kikombe kimoja au chai nyepesi, na siku ya jaribio usinywe kingine kabla ya chupa ya mwenzako. Si kwamba wanywaji wakubwa hawafaidiki: utafiti wa Brazil wa mwaka 2017 kwa waendesha baiskeli 40 haukuona tofauti kati ya wanaokunywa kidogo na wanaokunywa sana, wote walifaidika na kipimo cha miligramu 6 kwa kilo. Tafiti nyingine zimeona faida ikipungua kwa matumizi ya kila siku. Ndiyo maana unajipima wewe.

Wiki ya nne ikiisha, fungueni bahasha pamoja. Tuchukue mfano wa kubuni. Wiki ya kwanza kahawa kamili ilikupa 25:10 na isiyo na kafeini 25:24. Ya pili, 24:58 na 25:19. Ya tatu, 25:02 na 24:55. Ya nne, 24:46 na 25:06. Wastani wa kahawa ni 24:59, wa isiyo na kafeini 25:11. Sekunde 12, chini ya asilimia moja. Kahawa imeshinda wiki tatu kati ya nne. Unaruka juu? Subiri. Kama kahawa haifanyi lolote na kila wiki ni bahati ya sarafu, bado kuna nafasi 5 kati ya 16 ya kuishinda wiki tatu au zaidi. Ingeshinda zote nne, nafasi ya bahati tupu ingekuwa 1 kati ya 16, na hapo ungeanza kuamini. Ukitaka uhakika zaidi ongeza wiki. Angalia pia kwamba muda unashuka wiki hadi wiki kwa sababu ya mazoezi yenyewe; ndiyo maana tunalinganisha siku mbili za wiki moja, hatulinganishi wiki ya kwanza na ya nne.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifikirii. Zipange mbio nane upya kwa kisio lako badala ya bahasha: ulizodhani zina kafeini upande huu, ulizodhani hazina upande ule. Watafiti wa São Paulo waliwafanyia hivyo waendesha baiskeli 42 mwaka 2017, wakaona waliotambua kwa usahihi kuwa wamepewa kafeini ndio walionufaika zaidi, na waliotambua kwamba wamepewa plasebo walielekea kushuka. Ikiwa muda wako unafuata kisio kuliko unavyofuata bahasha, umeshajua kinachokukimbiza.

Ukishajua, ufanye nini

Bahasha ikishinda waziwazi, endelea na kikombe chako kwa kipimo ulichokijaribu, ukiweke kwa siku za mashindano na mazoezi magumu, na ufurahie. Kisio likishinda, una habari njema zaidi ya unavyodhani, kwa sababu desturi inabebeka mfukoni na haikunyimi usingizi. Utafiti mwingine wa Brazil, wa mwaka 2019, uliwapa waendesha baiskeli wanawake 28 vidonge vitupu na kuwaambia wazi kwamba ni vitupu, huku wakielezwa jinsi plasebo inavyoweza kusaidia. Kwenye kilomita moja walimaliza mapema kidogo, chini ya sekunde moja. Faida ndogo, ila imepatikana bila uongo na bila kafeini. Chagua desturi isiyotegemea mahali: kikombe kilekile cha maji ya tangawizi, wimbo uleule, namna ileile ya kufunga kamba za viatu.

Vyovyote itakavyokuwa, kila mwezi fanya zoezi moja gumu bila kahawa, kwa makusudi, huku ukijua huna. Mtu aliyekwisha kukimbia vizuri bila kikombe hatishiki anapokikosa ugenini.

Kwa makocha, na kwa wanaoshindana

Kocha, usiwadanganye vijana wako na chupa ya maji ya siri. Najua inajaribu, na najua itafanya kazi Jumamosi moja au mbili. Lakini kijana uliyemfundisha kwamba kasi inatoka kwenye chupa ya kocha hataiuliza chupa ya mtu mwingine ina nini. Wakimbiaji wa Glasgow walijidunga wenyewe kwa kuamini. Ndivyo pia wanavyoanza wanaoishia kufungiwa, tofauti ni kwamba sindano zao hazina maji ya chumvi.

Kwa kafeini yenyewe hakuna kosa. Iliondolewa kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa michezoni Januari 2004, ingawa Shirika la Kimataifa la Kupambana na Dawa Michezoni, WADA, linaendelea kuifuatilia kwenye vipimo. Kabla ya hapo kulikuwa na kikomo cha mikrogramu 12 kwa mililita ya mkojo. Miraa ni habari nyingine. Mtu anaiona ni jamaa ya kahawa, ya kuchangamsha tu, lakini ina kathinoni na kathini. Kathinoni imekatazwa wakati wa mashindano, na kathini vilevile ikizidi mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo. Mwanariadha anayepimwa asitafune. Na virutubisho vya mazoezi visivyoonyesha vizuri kilichomo, viache dukani; kikikutwa kitu mwilini mwako ni juu yako, hata kama lebo ilikudanganya.

Kama una shinikizo la damu, moyo unaoruka mapigo, vidonda vya tumbo, wasiwasi unaokukosesha usingizi, au ni mjamzito, jaribio hili si lako mpaka uzungumze na daktari. Aliye chini ya miaka 18 aachane nalo na aachane pia na makopo ya kuongeza nguvu. Anachokihitaji ni chakula, maji na kulala. Wengine wote, tafuteni mwenzenu wiki hii, mkabidhini sarafu na bahasha nne, na mwambieni asiwaoneshe kitu mpaka mbio ya nane iishe.